Saksofoni Kuukuu Yatosha

Yameenea mawazo miongoni mwa watu wazima waliopiga saksofoni ujanani, katika bendi za shule, za jeshi au za dansi, kwamba anayetaka kuirudia baada ya miaka mingi hana budi kwanza kununua ala mpya ya bei kubwa. Mawazo hayo humfanya mstaafu ama apoteze kiinua mgongo chake, ama aiache hamu yake ife. Sayansi haiyaungi mkono.

Saksofoni, ambayo Mbelgiji Adolphe Sax aliipatia hataza mjini Paris mwaka 1846, hutengenezwa kwa shaba. Lakini kinachoimba hasa ni hewa iliyomo ndani yake. Ulimi wa tete hutetemeka katika kidomo cha kupulizia, kama utetemekavyo ulimi wa zumari ya pwani yetu, na kuitikisa hewa hiyo. Tundu lifunguliwapo, bomba huwa kana kwamba limefupishwa, na sauti hupanda. Kwa hiyo lililo muhimu ni umbo la ndani la bomba na mahali pa matundu, wala si mng'aro wa nje. Mwaka 1971 Mmarekani John Coltman alilinganisha filimbi zenye umbo moja, zilizotengenezwa kwa fedha, shaba na mti; wasikilizaji wasioziona hawakuweza kuzitofautisha. Naye Charlie Parker, bingwa wa jazi, alipiga saksofoni ya plastiki mjini Toronto mwaka 1953, na hakuna aliyeudharau muziki wake.

Basi fedha chache zitumiwe wapi? Kwanza, katika kuziba mivujo. Vifuniko vya matundu vina mito ya ngozi ambayo hukauka na kukakamaa kwa miaka. Hewa ikipenya hapo, sauti za chini hukataa kutoka, na mpulizaji hudhani mapafu yake yamezeeka. Ateremshe taa ndogo ndani ya bomba, gizani, kisha afunge vifuniko kwa upole: panapopenya mwanga, hapo pana mvujo. Kubadilisha mito michache ni nafuu kuliko kununua ala nyingine. Lakini ala ambayo matundu yake yalitobolewa mahali pasipofaa haitengenezeki kwa urahisi. Ndiyo maana saksofoni kuukuu iliyoundwa vizuri ni bora kuliko mpya iliyoundwa ovyo.

Pili, anunue ndimi laini kiasi, azitumie kwa zamu na kuzikausha kila baada ya kupiga, ili zidumu. Kidomo cha mpira mgumu kisafishwe kwa maji ya uvuguvugu. Maji ya moto hukiharibu.

Kuhusu mwili, vidole hukumbuka njia zake kwa muda mrefu, bali misuli ya midomo hulegea upesi isipotumiwa. Dakika 15 kila siku zitamfaa mtu kuliko saa mbili za Jumapili. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu amwone daktari kwanza.

Walimu wa fizikia wanaweza kulifanya jambo hili kuwa somo. Ikiwa stoo ya shule ina saksofoni iliyolala, wanafunzi waitafute mivujo yake kwa taa, kisha waalikwe wazee waliowahi kuipiga. Vijana watajifunza mawimbi ya sauti kwa macho na masikio, na mzee atarudishiwa muziki wake pasipo kuuza ng'ombe.