Kivuli cha Watoto Kisiwe Hisani

Kila ifikapo miezi ya Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, jua la Shinyanga huwa halina mzaha. Mabati huwaka, vumbi hutimka, na wazazi wengi huona afadhali kuwafungia watoto ndani kutwa nzima. Hofu yao inaeleweka, lakini haifai igeuke desturi. Mtoto anayekulia baina ya kuta nne huvia mwili na akili.

Kucheza na kupumzika ni haki ya mtoto, wala si anasa ya wenye nafasi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeihesabu haki hiyo pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatamka vivyo hivyo. Kwa hiyo hatuna haja ya kubishana kama watoto watoke nje au wasitoke. La kujiuliza ni watoke kwenda wapi, saa ngapi, na chini ya uangalizi wa nani.

Katika Geita, Kahama na vijiji vya machimbo, swali hilo ni la uhai na kifo. Mtoto asiyetengewa uwanja hujitafutia mwenyewe pa kuchezea. Aghalabu hupata kando ya maduara yaliyoachwa wazi, ambayo hujaa maji wakati wa mvua na kuwa mitego, au karibu na mialo ambako wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki. Mvuke wa zebaki inapochomwa hauna rangi ya kumwonya mtu wala harufu ya kumfukuza, nao hudhuru ubongo wa mtoto anayekua. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Saini hiyo itakuwa na faida gani ikiwa watoto wetu wanacheza juu ya marudio?

Wako wanaosema kwamba Shinyanga ni nchi kame, na kwamba kivuli ni majaliwa. Historia inawakanusha. Miti ya mkoa huu ilifyekwa kwa mikono ya watu: kwanza katika vita dhidi ya mbung'o tangu miaka ya 1920, kisha kwa ajili ya mashamba ya pamba na kuni. Mikono hiyo hiyo iliirudisha. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliihuisha desturi ya Wasukuma ya kutenga ngitili, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudishiwa uoto wake. Tena mradi wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria kutoka Ihelele hadi Shinyanga na Kahama ulizinduliwa mwaka 2009. Ikiwa vijiji viliweza kuotesha malisho ya ng'ombe, miji inashindwaje kuotesha mwarobaini na mkwaju kwa ajili ya watoto?

Wako watoto ambao kwao kivuli ni dawa. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoitikisa Kanda ya Ziwa, watoto wengi walipelekwa kuhifadhiwa katika shule ya Buhangija mjini Shinyanga. Watoto wa namna hiyo wana maadui wawili wanapotoka nje: jua linaloichoma ngozi yao na binadamu asiye na utu. Mji ambao mtoto mwenye ualbino anaweza kutembea akiwa amevaa kofia na nguo za mikono mirefu, akapata kivuli, na asimwogope mpita njia, ni salama kwa kila mtoto.

Wazazi nao wana wajibu wao. Matembezi yawe asubuhi kabla ya saa nne, au jioni baada ya saa kumi. Maji ya kunywa yachukuliwe ya kutosha, na mtoto anyweshwe kabla hajalalamika kiu. Mawingu yanapokusanyika, mtoto asikimbilie chini ya mti uliosimama peke yake, kwa maana mti humkinga mtu na jua, haumkingi na radi.

Wasomaji wetu wa visiwani, wa Kome, Maisome na Ukerewe, wamejaliwa upepo wa ziwa ambao watu wa Shinyanga huuota tu. Hata hivyo, maji ya kina kifupi yenye majani ndiyo makao ya konokono wa kichocho, na vijidudu vyake hutoka kwa wingi wakati wa jua kali la mchana. Watoto wasiachwe kuoga humo. Wala mtoto asipandishwe chombo kilichojaa kupita kiasi, au kisicho na jaketi okozi. Msiba wa MV Nyerere wa Septemba 2018, uliochukua roho za watu zaidi ya 200, ulitosha kutufunza.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kujifunza, wakachimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Moyo huo haujatoweka. Tunatoa mwito kwa Halmashauri za Shinyanga, Kahama na Geita ziyapime maeneo ya wazi yaliyosalia, ziyawekee mipaka, na zikatae kuyagawa kuwa viwanja vya nyumba na maduka. Kila kata iwe na uwanja mmoja wenye miti na maji ya bomba. Wenye leseni za uchimbaji walazimishwe kufukia au kuzungushia uzio maduara yao kabla hawajahamia kwingine. Na kila shule ipande miti na kuwapa wanafunzi dhamana ya kuitunza.

Dhahabu ya Geita itakwisha siku moja. Watoto ndio watakaobaki na ardhi hii, na tuwaachie pa kukaa wakati wa jua.