Simu ni yako, ufunguo ni wa nani?

Muuzaji wa simu husifu kamera, chaji na ukubwa wa memori, na mteja hubishania bei. Mfumo endeshi, yaani programu mama inayoitawala simu nzima, hautajwi, na ukitajwa ni kwa ushabiki wa Android na iPhone usio tofauti sana na ule wa Simba na Yanga. Ushabiki huo huchanganya mambo matatu yasiyolingana: usalama, kwamba mwizi asiweze kuingia, faragha, kwamba aliyekaribishwa asibebe yasiyomhusu, na mamlaka, kwamba neno la mwisho juu ya kifaa ulichokilipia liwe lako. Simu inaweza kuwa na moja ikakosa mengine. Kwa maoni yangu, mnunuzi wa kawaida aanze na usalama, na aupime kwa swali lisilo na mbwembwe: simu hii itapata masasisho hadi mwaka gani?

Tofauti ya mambo hayo inaonekana vizuri kwenye mikopo ya mtandaoni, ambayo nayo Watanzania wameitia kwenye kapu la “kausha damu”. Hakuna aliyevunja kufuli la simu ya mkopaji. Mwenyewe alibonyeza “ruhusu”, programu ikanakili namba zote, na tarehe ya marejesho ilipopita, shemeji, mchungaji na bosi wakaanza kupokea ujumbe kwamba fulani hajalipa. Mamlaka alikuwa nayo, kwa maana kwamba aliulizwa. Faragha ndiyo iliyokwenda, tena si yake peke yake, maana shemeji hakukopa. Anayesema “mimi sina cha kuficha” husahau kwamba simu yake imebeba siri za watu mia tatu wengine. Nchini Kenya, Kamishna wa Ulinzi wa Data alimtoza mkopeshaji mmoja faini ya Sh2,975,000 za huko mwaka 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu 69 zilizokopesha bila leseni. Lakini aliyeufunga mlango wenyewe ni Google: tangu Mei 31, 2023, programu za mikopo zilizo kwenye duka lake la Play haziruhusiwi kugusa orodha ya namba wala picha. Anayepakua programu kupitia kiungo alichotumiwa WhatsApp hayumo katika kinga hiyo.

Je, basi tuiachie kampuni kila kitu? Wapenzi wa iPhone husema hivyo kwa maneno mengine, na hawakosi ushahidi. Apple hutuma masasisho yake moja kwa moja bila kupitia kwa mtengenezaji mwingine, na tangu Aprili 2021 programu inalazimika kuomba ruhusa kabla ya kumfuatilia mtumiaji kwenye programu na tovuti za wengine. Hata hivyo, utafiti wa Profesa Douglas Leith wa Trinity College, Dublin, uliotoka mwaka 2021, ulikuta kwamba simu za pande zote mbili, hata zikiwa zimelazwa tu mezani, huwasiliana na wenye mfumo kila dakika nne na nusu kwa wastani. Kwa hesabu yake Google ilichukua takriban mara 20 ya data iliyochukuliwa na Apple, hesabu ambayo Google iliipinga. Kisha Februari 2025, baada ya serikali ya Uingereza kudai njia ya kuyafikia mafaili ya watu, Apple iliacha kuwapa watumiaji wa nchi hiyo kinga yake ya juu kabisa ya iCloud. Mtumiaji hakuwa na la kusema, kwa kuwa ufunguo haukuwa mfukoni mwake.

Wapo wanaokimbilia mifumo huru kama GrapheneOS, uliojengwa kwa simu za Pixel, ambao huifanya hata Google iwe mgeni anayeomba ruhusa kama wengine. Kwa mwandishi wa habari au wakili mwenye siri za watu, ningesema asisite. Kwa wengine nasita, kwa sababu baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi kwenye simu isiyo na cheti cha Google, na huku kwetu mshahara, ada na nauli vyote hupita kwenye simu. (Menyu ya pesa za simu ya *150*00# haijali mfumo endeshi, lakini benki yako huenda ikajali.)

Pingamizi zito zaidi ni la bei. Asiye na uwezo huchukua kilichopo, na kilichopo kinaweza kuja na mwizi ndani: Agosti 2020 iliripotiwa kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, Ethiopia na Ghana zikiwamo, zilitoka zikiwa na virusi vya Triada na xHelper, vilivyokula bando na kuwaunganisha watu na huduma za kulipia wasizoomba. Kampuni mama, Transsion, ilimlaumu mzabuni katika mnyororo wa utengenezaji. Hapo mwenye simu hakuulizwa ruhusa yoyote, na dawa pekee ilikuwa sasisho. Lakini muda wa masasisho si anasa ya matajiri tena. Pixel 8 na Galaxy S24 zilikuja na ahadi ya miaka saba, na Galaxy A16, isiyo ya kifahari, ikaja na miaka sita. Simu ya mtumba iliyokuwa ya kifahari juzi, ambayo masasisho yake yanakoma mwakani, ni ghali kuliko inavyoonekana.

Umoja wa Ulaya, kwa kanuni zilizoanza Juni 20, 2025, unamtaka mtengenezaji aendelee kutoa masasisho kwa angalau miaka mitano tangu aache kuuza modeli husika. Mamlaka za mawasiliano za Tanzania (TCRA) na Kenya tayari huzikagua simu kabla ya kuziruhusu sokoni. Zinaweza kuongeza sharti moja lisilo na gharama: tarehe ya sasisho la mwisho ichapwe kwenye boksi, pale pale panapoandikwa megapikseli.