AFYA NYUMBANI: Mzee Apumzike, Lakini Asikae Tu

Wahenga walisema: Mchumia juani hulia kivulini. Ni neno jema, lakini katika nyumba nyingi tumelifahamu vibaya. Baba akifikia miaka 65, sisi watoto twamwambia, "Baba, umefanya kazi ya kutosha. Weka jembe, ukae." Mama naye akishika ndoo, mara mkwe wake ampokonya. Twafanya hivyo kwa upendo na heshima. Basi mwaka haujaisha, baba hawezi tena kuinuka kitini ila ashikwe mkono, nasi twasema, "Ndio uzee." Kweli, uzee una sehemu yake. Lakini sehemu nyingine ni yetu sisi tuliomkalisha.

Tuone kwanza jambo lenyewe. Misuli ni ile nyama iliyoshikamana na mifupa, ambayo kwayo twatembea, twalima na kubeba. Imefanyika kwa nyuzi nyembamba nyingi sana. Mtu akishapita miaka 30 au 40, nyama hiyo huanza kupungua: yapata sehemu 3 hadi 8 katika 100 kwa kila miaka kumi, na baada ya miaka 60 hupungua upesi zaidi. Bandu bandu huisha gogo. Tena nguvu hupotea upesi kuliko nyama yenyewe. Ndiyo sababu hata mzee mnene aweza kuwa na miguu dhaifu.

Jambo la pili. Kila kazi ngumu ambayo mwili haukuizoea huchana nyuzi chache ndani ya misuli. Ukilima siku ya kwanza ya msimu, maumivu makubwa hayaji jioni ile. Huja kesho yake na kesho kutwa. Lakini mwili una mafundi wake wa kushona. Ni chembe hai ndogo sana zilalazo kando ya kila uzi, nazo huamka uzi unapochanika. Mtaalamu Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961, baada ya kuzitazama katika misuli ya chura kwa hadubini kali. Kijana ana mafundi wengi, wepesi wa kuitika. Kwa mzee wamepungua, tena huchelewa kuamka. Jeraha ambalo kwa kijana hupona kwa siku chache, kwa mzee laweza kukawia.

Je, ni kazi gani ichanayo zaidi? Wengi watajibu: kupanda mlima. Sivyo. Kupanda huchosha pumzi. Kushuka ndiko kunakoumiza mapaja. Ushukapo, misuli ya paja hukaza ili usianguke, na papo hapo inavutwa na kurefuka. Ni vivyo hivyo unaposhusha mzigo mzito polepole. Kwa hiyo mzee asiteremke bondeni na mzigo kabla hajazoea kuteremka mikono mitupu. Na hapa pana habari njema: misuli ikionjeshwa kazi hiyo kidogo, ikapona, haitaumia sana mara ya pili. Kinga hiyo hudumu majuma kadhaa.

Labda utauliza, "Mzee kabisa aweza kupata nguvu mpya?" Aweza. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, huko Marekani, walitoa habari za wazee kumi dhaifu waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee. Umri wao ulikuwa miaka 86 hadi 96. Kwa majuma 8 walizoezwa kuinua uzito kwa miguu, huku wakiangaliwa. Tisa walimaliza. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa sehemu 174 katika 100, yaani zikapita mara mbili na nusu ya zile za mwanzo!

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walieleza habari za wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 tu. Miguu yao ilipoteza karibu kilo 1 ya nyama. Siku kumi tu! Je, aliyekalishwa mwaka mzima?

Basi, tufanye nini nyumbani?

Kwanza, mzee abaki na kazi yake, iliyopimwa kwa nguvu zake: bustani ndogo, kuku, kutembea kwenda kwa jirani.

Pili, kila siku ainuke kitini bila kujishika, akae tena polepole. Aanze mara tano, aongeze kidogo kidogo. Asiyeweza aruhusiwe kujishika kwanza, na mtu asimame karibu naye.

Tatu, aliyekaa kiangazi chote asilime kutwa mvua za kwanza zinapoanyesha. Alime saa moja, apumzike siku moja au mbili, ndipo aongeze. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, fundi hashoni bila uzi. Mzee apate maharage, dagaa, mayai au maziwa. Uji mtupu na chai havitoshi.

Maumivu ya kawaida ya misuli hupungua yenyewe baada ya siku chache. Lakini mguu ukivimba sana, au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, au kifua kikabana wakati wa kazi, asingoje: apelekwe hospitali upesi. Na mwenye ugonjwa wa moyo au aliyetoka kuvunjika mfupa aulize daktari kabla ya kuanza.

Ninyi vijana, mkimwona babu anashika jembe lake dogo asubuhi, msimpokonye. Chukueni yenu, mlime karibu naye, na mwendo wa kazi aupange yeye.