Ngoma Isimeze Maneno

Kando ya Mto, na Taban Wani

Kuna kanisa moja hapa Juba lililonunua dramu mpya kutoka Kampala, na tangu zifike waumini hawajui tena wanaimba nini. Kijana anayezipiga ana mikono myepesi, hilo sitamnyima. Lakini mwimbaji akifungua kinywa tu, matoazi yanamrukia. Ubeti ukifika pa kutulia, hapo ndipo anapomwaga kila mbwembwe aliyoiokota kwenye simu: anazizunguka ngoma zote toka kushoto hadi kulia, anarusha fimbo juu, anaidaka, anatabasamu. Vigelegele vinapigwa. Vijana wananyanyua simu wapate video. Mama wa kwaya, mtu mzima aliyeanza kuimba sauti ya kwanza enzi za Khartoum, amebaki kutazama midomo ya jirani yake ili ajue wamefika wapi.

Niseme wazi nimesimama upande gani. Mpiga ngoma bora katika mji huu ni yule ambaye watu wakirudi nyumbani wanaimba wimbo njia nzima, na yeye wanamkumbuka kesho yake, kama wanamkumbuka. Ningekuwa naandika kutoka mji mwingine ningeliacha hili liwe suala la ladha, kila mtu na sikio lake. Juba ni habari nyingine, kwa sababu ya kazi ambayo wimbo umeifanya katika nchi hii.

Mwaka 1973 Francis Mading Deng alichapisha kitabu cha nyimbo za watu wake, The Dinka and Their Songs. Anayekisoma mbiombio huona ng'ombe, ng'ombe, na ng'ombe tena. Akitulia, anaona kwamba wimbo una mwenyewe. Asiyejaliwa kutunga humwendea fundi wa kutunga, akamweleza ukoo wake, fahali wake na rangi ya fahali huyo, nani alimdhulumu na nani alimfaa siku ya shida. Fundi anatunga, na wimbo unakuwa mali ya aliyeuagiza. Akisimama kuuimba mbele za watu, anadai kitu: jina, heshima, mara nyingine haki yake iliyocheleweshwa. Sasa ngoma ikiyafunika maneno hayo, aliyeibiwa ni nani?

Makanisani wakati wa vita ilikuwa vivyo hivyo. Nyimbo za Mary Alueel Garang, Mdinka wa Bor, zilienea miaka ya 1980 na 1990 bila kusubiri mtambo wa kuchapa vitabu. Zilibebwa vichwani na watu waliokuwa wakikimbia, hadi kwenye kambi za wakimbizi. Ngoma zilikuwepo, na zilipigwa kwa nguvu, lakini zilipigwa ili umati mzima ulifikie neno moja kwa pamoja. Wengi hawakuwa na kitabu; wimbo wenyewe ndio uliokuwa ukiwafundisha.

Mtu asidhani natamani zama ambazo wazee wote walikuwa wanyenyekevu. Hazikuwahi kuwepo. Evans-Pritchard, Mwingereza aliyekaa na Wazande miaka ya 1920, aliandika mwaka 1928 juu ya ngoma yao ya pombe, yenye gugu, ile ya gogo lililochimbwa ndani, na gaza, ile ya kuwambwa ngozi. Wasomi wenzake walipenda kusema kwamba ngoma huleta mapatano. Yeye aliona humo pia mashindano na ugomvi. Sina shaka palikuwa na kijana huko Yambio aliyetaka wasichana wamwone yeye tu. Bahati nzuri hakuwa na spika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwa Waacholi, wa Magwi upande wetu, na wa Gulu na Kitgum upande wa Uganda. Ni bwola, ngoma ya kichifu. Wanaume wanajipanga duara kubwa, kila mmoja na ngoma ndogo mkononi na kijiti chake. Yaani kila mchezaji ni mpiga ngoma. Kila mmoja angeamua kuonyesha alichonacho, pangekuwa na makelele ya kufukuza ndege mpaka Nimule. Lakini miguu na vijiti vinashuka pamoja, na kiongozi peke yake ndiye anayetembea huru ndani ya duara, akiuharakisha mwendo, akiupunguza, akianzisha wimbo. Nguvu yake yote inatoka kwa watu waliokubali kupiga kile kile anachopiga jirani. Nimewahi kumwona mtu akiteleza kidogo tu katika duara hilo. Hakuna aliyemkaripia, ila mzee wa kushoto kwake alimgeukia na kumtazama, na hiyo ilitosha.

Ataniambia mtu kwamba hizo ni ngoma za asili, dramu za kisasa zina sheria zake. Haya, twende huko huko. Miaka ya 1970, baada ya mkataba wa Addis Ababa wa 1972, Juba ilikuwa na bendi zake za dansi, Rejaf Jazz na Skylarks, na masikio ya mji yalielekea Kampala, Nairobi na Kinshasa. Kinshasa ilikuwa imeshikwa na Zaïko Langa Langa, iliyoanzishwa Desemba 1969 na vijana walioziacha tarumbeta na saksafoni, wakaupa mzigo huo magitaa na dramu. Mpiga dramu wao, Meridjo Belobi, ndiye anayetajwa kuwa baba wa kavacha.

Kavacha ni mdundo mfupi wa kwenye snea, unaorudiwa na kurudiwa chini ya magitaa wakati wa sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa yanatawala na watu wanacheza. Ulienea Afrika Mashariki yote, na bendi za Wakongo waliohamia Nairobi ziliula mkate wake kwa miaka. Ukiusikia mara ya kwanza utasema hata mtoto anaweza. Jaribu kuushika dakika nane bila kukimbia wala kulegea, gitaa la solo linakuchokoza upande huu na rapa anakupigia kelele sikioni upande ule. Katika sebene gitaa hubadilika kidogo kidogo, na mchezaji hulisikia badiliko hilo kwa sababu dramu haijabadilika. Dramu nayo ikianza kuhangaika, hakuna tena kinachobadilika, maana kila kitu kimebadilika. Mashabiki walimwita Meridjo "Machine ya Kauka", Kauka ikiwa ni mtaa wa Kinshasa. Alibuni mdundo uliozunguka nusu ya bara, kisha akakaa ndani yake, akawaachia wapiga gitaa waringe. Kwa ringo la namna hiyo navua kofia.

Huko Ulaya pia wapo. Ringo Starr, kwa miaka yake yote na The Beatles, alirekodi solo moja tu ya dramu, kwenye wimbo "The End" wa 1969, na hiyo nayo ilibidi wenzake wambembeleze. Charlie Watts, aliyejiunga na The Rolling Stones mwaka 1963 na kubaki nao hadi kifo chake mwaka 2021, alikuwa na tabia ya kuinua fimbo kutoka kwenye matoazi pacha, yale ya kufungwa kwa mguu, kila anapopiga snea. Snea ikalia peke yake, safi. Mtu wa jazi, mwenye uwezo wa kupiga mengi, anajinyima pigo moja, tena na tena, usiku kucha.

Nakubali kuna mahali ambapo ngoma ndiyo bwana mwenyewe. Burundi, ambako ngoma za kifalme ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, ngoma hupangwa nusu duara kuizunguka moja ya katikati, na kuruka na kucheza ni sehemu ya kazi. Hapo anayekaa kimya ndiye aliyekosea. Sisi tumeuleta mruko huo mahali ambapo shangazi alikuwa anataka kusema jambo.

Nenda harusi yoyote ya Jumamosi hapa mjini, mtaa wa Munuki au Gudele. Upande wa bwana harusi wanaimba Kibari, upande wa bibi harusi Kidinka, mshereheshaji anasema Kiarabu cha Juba, na mjomba aliyekulia Kampala anachomekea Kiswahili. Nusu ya waliopo tayari wanakazana kuelewa. Shangazi anasimama na wimbo wa ukoo, wenye majina ya watu ambao wengine walizikwa mbali, Khartoum au kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, Uganda. Sauti yake si kubwa. Fundi mitambo anaona shangwe imeshuka, anapandisha dramu, na mpiga dramu anaelewa kwamba zamu yake imefika. Majina yanapotea pale pale. Vita vya 2013 na vya 2016 vilitawanya wazee waliokuwa na nyimbo hizo, na hawajarudi wote. Nani atamtajia mtoto wa harusi hiyo babu wa babu yake?

Lawama kubwa naiweka kwetu tuliokaa kwenye viti. Sisi ndio tunaoinuka kwenda kutunza, na noti zetu huenda kwa aliyerusha fimbo. Sijaona mtu akimtunza mpiga ngoma kwa sababu alishusha mkono shangazi alipoanza kuimba. Kijana si mjinga; anapiga kile kinacholipwa. Na viongozi wa kwaya wanamfanyisha mazoezi na waimbaji siku moja tu kabla ya ibada, wakati nyimbo zimeshaiva, kana kwamba yeye ni jenereta ya kuwashwa mwishoni.

Ningekuwa na kwaya, mpiga dramu angekaa na waimbaji tangu siku ya kwanza, bila fimbo, na angeimba wimbo mzima kwa maneno yake yote, ubeti kwa ubeti, katika lugha uliyotungiwa. Asiyejua maneno hajui pumzi ya mwimbaji iko wapi, na asiyejua pumzi iko wapi atapiga juu yake hata akiwa na moyo mzuri. Baada ya hapo apewe snea na ngoma moja ya mguu. Matoazi tutayajadili Pasaka.

Mafundi mitambo nao msijifiche nyuma ya vijana wa dramu. Dhambi yenu haiwezi kutoshea aya moja. Nawawekea nafasi ya wiki ijayo.