TAARIFA YA KATIBU WA TAWI KWA WANACHAMA WOTE. Yah: Ada ya viza si sadaka



Kwenye kikao cha Jumapili mjumbe mmoja alisema viza ni suala la matajiri, tawi lisipoteze muda. Kwa heshima zote, napinga. Mwanachama mwenzetu aliyenyimwa viza mwezi uliopita anauza dagaa. Alitaka kwenda Ulaya wiki tatu kumwona mjukuu, na tiketi ya ndege alitaka kulipa mwanawe.

Tupige hesabu. Nchi za Schengen zinatoza mtu mzima euro 90 tangu Juni 2024. Kabla ya hapo ilikuwa 80. Kwa pesa yetu ni zaidi ya laki mbili. Ongeza bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Ongeza ada ya wakala anayepokea fomu. Ongeza basi la Mwanza–Dar kwenda na kurudi, pamoja na malazi, kwa sababu mwombaji wa mara ya kwanza lazima afike mwenyewe kutoa alama za vidole. Ukinyimwa, ada hairudi. Ukiomba tena, unalipa upya.

Tunaambiwa ada ni ya kushughulikia maombi, si bei ya viza. Sawa, aliyefanya kazi alipwe. Lakini sisi wahasibu tumefundishwa kuwa anayedai malipo huonyesha mchanganuo. Mama huyu alirudishiwa karatasi yenye alama ya vema kwenye kisanduku kimoja: wana shaka kama angerudi nyumbani. Ana genge, ana nyumba, ana watoto wanne hapa mtaani. Mchanganuo wa shaka hiyo uko wapi?

Hatupingi nchi kulinda mipaka yake. Wapo wenzetu waliokwenda kutembea wakabaki, tusijidanganye. Tunachopinga ni kila mtu kuhesabiwa mkosaji kwanza. Sheria ya uhamiaji ya Marekani, kifungu 214(b), inamchukulia mwombaji wa viza ya matembezi kuwa anataka kuhamia huko mpaka amridhishe ofisa kwamba sivyo. Mtalii wa Ulaya anayekuja Serengeti anaomba mtandaoni au analipia akitua, kwa kawaida dola 50, Mmarekani 100. Nani amewahi kumuuliza kiwanja chake kiko wapi?

Na hapa kwetu wapo vishoka wanaotengeneza taarifa za benki na barua za kazi za uongo. Hao hawamsaidii mnyonge, wanammaliza. Uingereza ikikukuta na udanganyifu inaweza kukufungia miaka 10. Marekani inaweza kukufungia maisha. Hata zile milioni za kuazima zinazoingia leo na kutoka kesho, ofisa anaziona: anasoma mwenendo wa akaunti, si salio la siku moja.

Kwa hiyo napendekeza kikao kijacho kiazimie haya:

1. Tawi liandike wilayani, hoja imfikie mbunge aiulize Wizara ya Mambo ya Nje bungeni: kwa nini anayenyimwa asirudishiwe sehemu ya ada, na kwa nini alama za vidole zisichukuliwe Kanda ya Ziwa hata mara chache kwa mwaka.

2. Mwanachama atakayethibitika kuuza nyaraka za uongo afikishwe kamati ya maadili.

3. Anayenyimwa viza ya Schengen asitupe ile karatasi. Ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi na kukata rufaa, na muda wa rufaa una mwisho. Ailete ofisini tuisome pamoja kabla hajalipa mara ya pili.

Anayepinga aje na hesabu zake kikaoni. Viongozi wa mashina, wasomeeni wasio na simu janja.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi