Mama Mgeni Kambini
Mume amehamishiwa kambi nyingine. Mkewe mjamzito amemfuata. Lugha ya huko haijui, zahanati haijui, majirani hawajamzoea. Hapo ndipo hatari huanzia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walifariki kwa sababu za ujauzito na uzazi, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara. Damu ikimtoka kwa wingi baada ya kujifungua, mama aweza kufa kwa muda wa saa 2. Basi, afikapo tu apeleke kadi yake kliniki. Nauli na gari vipangwe mapema. Tena, mume akiwa lindoni, awepo mtu mwenye ruhusa ya kuamua safari ya hospitali bila kumsubiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo.