KONA YA MWALIMU: Gari linalolia tiki-tiki asubuhi

Mwezi huu naweka chaki pembeni, naongea juu ya gari.

Mwezi uliopita nilipanda pikapu ya zamani kutoka Kashikishi na wanafunzi wawili, nyuma kuna magunia ya chisense. Mvua ilinyesha, tukafunga madirisha. Njiani mmoja akalia kichwa kinamuuma, mwingine akatapika. Mimi nikasema malaria (huku kwetu kila kitu ni malaria). Tuliposhuka wakapata upepo, wakapona. Kumbe ni moshi!

Baba mmoja wa hapa kambini, aliyetengeneza malori kule Pweto, akafungua boneti. Kile chuma kizito kinachopokea moshi kutoka kwenye hedi, yaani kulasi, mafundi wanakiita manifoldi. Kwenye injini za zamani ni chuma cha kumimina. Kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinarudi. Baada ya miaka kinapinda au kupasuka, gasketi inaungua. Injini ikiwa baridi utasikia tiki-tiki. Ikipata moto sauti inapungua, maana chuma kimetanuka na kubana ule mwanya. Basi dereva anasema imepona. Haijapona! Angalia masizi meusi kwenye maungio.

Dereva wetu alikuwa amepaka silikoni. Baba akacheka sana. Manifoldi ya injini ya petroli inaweza kupita nyuzi 600 za joto, silikoni haifiki huko. Lazima kuifungua, kuisafisha, na kulaza rula ya chuma juu ya uso wake. Mwanga ukipita chini ya rula, imepinda, ikasawazishwe kwa mashine. Halafu gasketi mpya. Bolti zenye kutu zilale na mafuta usiku kucha. Ukizilazimisha zinakatikia ndani ya hedi, na hapo utalia. Wakati wa kukaza anza katikati uende pembeni, kidogo kidogo, kwa mizunguko kadhaa.

Wazazi, ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Mtoto akilalamika kichwa au kizunguzungu garini, simamisheni gari, mshusheni penye upepo, kisha mpelekeni kliniki. Mimi sikuwapeleka, nilikosea. Na mashine ya kusaga ya dizeli isiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa.

Dereva anasubiri gasketi kutoka Mansa. Mpaka ifike, mimi na watoto tunapanda baiskeli.